Kisima cha Kilvarna

Katika umri ule ambao mtoto anatumwa mkate na kurudi akiwa ameshaumega njiani, nilikijua kijiji kimoja cha Ireland kuliko nilivyolijua jiji la Brussels nililokuwa nikiishi. Nilijua kwamba kina daraja la mawe lenye uso wa mtu uliochongwa chini ya tao la katikati. Nilijua kanisa lake lisilo na paa, stesheni ambayo treni zilikuwa zimeacha kufika, barabara inayopanda kilima na kukatika huko juu bila kufika popote, na kisima chenye samaki. Kijiji kiliitwa Kilvarna. Sikuwa nimekanyaga huko. Nilikijua kwa sababu jirani yetu wa ghorofa ya chini alikuwa akimsimulia mdogo wangu Pacifique, nami nilikaa mezani nikijifanya nafanya hesabu za shule.

Ilikuwa miaka ya tisini, na sisi tulikuwa tumetoka Bukavu. Papa alikuwa mkuu wa shule ya msingi kule. Hapa alisafisha ofisi, akiondoka na tramu ya kwanza na kurudi wakati wenye ofisi zao wanaingia. Tulipanga katika jengo refu la mtaa wa Evere ambalo ngazi zake zilinuka supu ya kila mtu. Mama hakuwa na kazi ya nje, kwa sababu kazi yake ilikuwa Pacifique.

Mdogo wangu alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao nyumbani tuliuita SS tu, kama watu wa kwetu walivyozoea kuuita. Damu ya mwenye ugonjwa huo hujikunja na kuziba mishipa, na maumivu yake huwezi kuyafananisha na mengine. Yeye mwenyewe aliyaita mbwa. "Mama, mbwa amekuja," alikuwa akisema, na mama aliacha chochote alichoshika. Siku nyingine mbwa aliondoka kwa dawa na chupa ya maji ya moto. Siku nyingine tulipelekwa kwa ambulensi mpaka hospitali kubwa ya Jette, ambako manesi walimjua kwa jina na kwa vichekesho vyake. Kila tulipotoka, daktari alirudia yale yale: anywe maji mengi, asichoke, na zaidi ya yote asipigwe na baridi. Mama aliyashika maneno hayo kama amri za Mungu. Alipasha maji ya kumwogesha hata mwezi wa Julai. Alipiga pasi soksi zake kabla ya kumvisha.

Na Maman Una, yule jirani wa chini, tulikutana kwenye lifti. Mama alikuwa akimgombeza Pacifique kwa kuvua kofia, na yule mzungu mrefu, mwenye nywele nyeupe alizozishikiza kwa penseli, akainama akasema, "Mama, usimkaripie. Mtoto amechoka." Kwa Kiswahili. Mama nusura aangushe mfuko wa viazi.

Kumbe alikuwa amefundisha miaka mingi katika shule ya misheni huko Kenya, bara kabisa. Huko ndiko alikokutana na mume wake, fundi wa mitambo Mbelgiji, aliyemleta Brussels kisha akafa na kumwacha katika fleti iliyojaa saa za ukutani. Kiswahili chake kilinyooka kama kitanda cha bweni. Chetu kilikuwa cha Kivu, kimechanganyika na Kifaransa, na mwanzoni tulimwonea haya.

"Miye niko na miaka saba," Pacifique alimwambia siku ya kwanza alipopanda kwetu kunywa chai.

"Mimi nina miaka saba," alimsahihisha. Ualimu ulikuwa haujamtoka.

Pacifique akayatazama makunyanzi ya uso wake. "Na weye pia?"

Alicheka mpaka penseli ikamtoka kichwani. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kwetu.

Alikuja mchana, hasa siku ambazo Pacifique hakuweza kwenda shule, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kumtembeza kijijini kwao, Kilvarna. Kila siku ilikuwa na mahali pake. Siku ya reli alieleza jinsi wapimaji walivyofika zamani na kukuta mti wa miiba umesimama peke yake katikati ya shamba, katika mstari waliotaka kupitisha reli. Hakuna mtu wa Kilvarna aliyekubali kuukata, hata kwa ujira mkubwa, kwa sababu mti wa namna hiyo una wenyewe wasioonekana, na anayeugusa kwa shoka hamalizi mwaka. Mwishowe reli ikapindishwa ikauzunguka.

"Na treni ilipinda pia?"

"Treni ilipinda pia. Abiria walimwagikiwa chai, kila siku, mahali pale pale."

Mama akaitikia kutoka jikoni, "Hata kwetu iko miti ya vile," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuta ndugu ugenini.

Siku ya barabara haikuwa na kicheko. Maman Una alisema kwamba enzi za babu wa babu yake viazi vilioza ardhini, mwaka mmoja, kisha mwingine, na watu hawakuwa na chakula kingine. Wakubwa wa serikali, ambao walikuwa Waingereza, hawakutaka kutoa chakula cha bure. Wakawapa wenye njaa kazi ya kujenga barabara ambayo haikuhitajiwa na mtu yeyote, ili walipwe unga wao kwa jasho. Wakajenga kupanda kilima, mawe juu ya mawe, na wengine wakaanguka hapo hapo na mawe mikononi. Pale nguvu zilipoisha ndipo barabara ilipoishia.

Pacifique akauliza, "Juu ya nini habakubapatia tu chakula?"

"Sijui, mpenzi wangu. Nimejiuliza maisha yangu yote."

Kisha ikaja siku ya kisima. Nje kulikuwa na ile mvua ya Brussels isiyonyesha wala kukatika, na Pacifique alikuwa ametoka hospitali juzi yake. Maman Una alisema kwamba nje kidogo ya kijiji kuna chemchemi iliyozungushiwa mawe, na juu yake umeinama mti wa miiba uliojaa vitambaa. Ni kisima cha mtakatifu mmoja mwanamke ambaye hata mapadri hawajui habari zake. Ukiwa na mgonjwa, unakizunguka kwa upande jua linakokwenda, huku unasali. Unamnawisha mahali panapomuuma. Unachana kipande cha nguo yake na kukifunga mtini, na kadiri kitambaa kinavyooza ndivyo ugonjwa unavyopungua. Maji yake hayachemki, hata uyaweke motoni siku nzima. Na ndani yake anakaa samaki mmoja wa madoadoa, trauti, ambaye umri wake haujulikani. Mara nyingi haonekani. Lakini akijitokeza wakati mgonjwa ananawa, mgonjwa huyo atapona.

Mama alikuwa ametoka jikoni. Alisimama mlangoni mikono ikimchuruzika maji.

"Ile samaki," alisema, "nani alisha kuiona?"

"Mama yangu alimwona," alijibu Maman Una. "Dada yangu alipougua kifua kikuu."

"Na dada yako?"

"Yuko Australia. Ana wajukuu."

Mama akarudi jikoni. Nilisikia bomba la maji likifunguliwa na kufungwa, likifunguliwa na kufungwa, bila kuoshwa kitu.

Ninavyomwelewa leo, Maman Una hakuwa akitoa ahadi. Alikuwa mjane aliyekumbuka kwao, akapata mtoto wa kumsikiliza. Alisimulia kisima kama alivyosimulia daraja, na kama asingeulizwa lile swali, huenda angeendelea na habari za kiwanda cha maziwa. Lakini aliulizwa, na jibu lake lilikuwa la kweli.

Msimu wa baridi uliofuata ulikuwa mbaya kuliko yote. Mbwa hakutoka nyumbani kwetu. Noeli tulikula hospitalini Jette, wali katika vyombo vya plastiki, Pacifique akiwa na mpira wa oksijeni puani na kofia ya karatasi kichwani. Siku moja daktari aliwaita wazazi wangu kwenye korido. Mimi niliwaona kupitia kioo cha mlango. Daktari alikuwa akizungumza polepole, na Papa alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama anavyofanya mtu anayesikiliza lugha asiyoijua, ingawa Kifaransa cha Papa kilikuwa kizuri kuliko cha daktari. Mama alirudi chumbani akishika ukuta.

Hawakuniambia kitu. Lakini kuanzia hapo Pacifique hakukatazwa chochote alichokitaka, na mimi nilikuwa na akili ya kutosha kujua maana yake.

Alichokitaka kilikuwa Kilvarna. Maman Una alipanga kwenda kwao mwezi wa Agosti, kumwona kaka yake, mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akasema anaweza kutuchukua. Wazazi wangu walilizungumza mezani, mbele yetu.

"Kutembea, hakuna mubaya," alisema Papa. "Aone ngombe, aone bahari. Lakini ile mambo ya kisima, hapana. Docteur amekataza baridi. Iko clair, non?"

"Iko clair, iko wazi," alisema mama.

"Maji ni maji, Maman Furaha," alisema, akimwita kwa jina langu. " Mungu hakai mu kisima."

"Nimesikia, papa. Tutaangalia tu."

Alimaanisha alichosema. Hilo sijawahi kulitilia shaka.

Tulisafiri kwa basi na meli, tena basi, mimi, mama, Pacifique na Maman Una. Papa alibaki na kazi yake. Kaka yake Maman Una, aliyeitwa Dermot, alitupokea kwa gari lililonuka mbwa wa kuchunga kondoo. Alikuwa mzee asiyeoa, mwenye mikono mikubwa, na hakujua neno lolote la lugha zetu. Alimtazama Pacifique, akavua kofia yake ya sufu na kumvisha juu ya ile aliyokuwa nayo.

Kesho yake tulitoka kutembea. Upepo ulikuwa mwingi, lakini jua lilitoka kidogo kidogo. Pacifique alikuwa amekaa mabegani mwa Dermot, na ndiye aliyetuongoza, kwa sababu alikijua kijiji kile kama sala.

"Daraja! Shuka, shuka, tuone uso!"

Tukashuka ukingoni. Uso ulikuwepo chini ya tao, umeliwa na maji, pua hakuna tena. Pacifique akapiga makofi. Tukalikuta kanisa lisilo na paa, nyasi zimeota pale walipokuwa wakipiga magoti. Tukaukuta mti wa treni, umesimama vilevile katikati ya shamba, mdogo kuliko nilivyoutazamia. Reli yenyewe ilikuwa imeng'olewa zamani. Alama yake ilikuwa tu njia ya majani inayopinda, na ng'ombe wanapinda nayo.

Mimi nilikuwa namtazama Maman Una. Kwenye stesheni, upupu wa kwao ulikuwa umemeza jukwaa lote. Kiwanda cha maziwa kilikuwa na kufuli lenye kutu. Duka alilotuambia lina kengele mlangoni lilikuwa limezibwa kwa mbao. Kwa kila nyumba alitaja jina la aliyekuwa akikaa pale, na kila jina lilifuatwa na Boston, au London, au makaburini. Dermot aliongeza majina aliyoyasahau dada yake. Hatukukutana na mtoto hata mmoja. Bibi mmoja alifungua pazia, akatuangalia, akalirudisha.

"Bantu biko wapi?" Pacifique aliuliza.

"Wameondoka," alisema Maman Una. "Hapa watu huondoka. Tangu ile njaa hawajaacha kuondoka."

Ile barabara ya kilimani tuliitazama kutoka chini. Ilipanda vizuri, ikiwa na kuta pande zote mbili, kisha ikaisha, na baada yake nyasi.

Kisima kilikuwa mwisho, na ili kukifikia ilibidi kuvuka uwanja wa nyasi wenye matuta mengi, kama shamba la viazi vitamu lililotelekezwa. Hakukuwa na jiwe wala msalaba. Pacifique aliuliza ni shamba la nini. Maman Una alisita, maana sehemu hiyo hakuwa ameisimulia kamwe.

"Ni makaburi," alisema. "Ya watu wa ile njaa. Walikuwa wengi, hapakuwa na mbao za kutosha, wakazikwa pamoja. Watoto ndio wengi."

Pacifique, kutoka mabegani mwa Dermot, akayatazama matuta, kisha akauangalia mti wenye vitambaa uliokuwa pale pale mbele yetu, ng'ambo ya ukuta mdogo.

"Kisima iko karibu," alisema. "Hawa habakunawa?"

Dermot aliuliza kitu kwa Kiingereza, Maman Una akamtafsiria, na yule mzee akashusha macho. Upepo ulikuwa unavuma katika vile vitambaa.

"Walinawa," alisema Maman Una mwishowe. "Wote walinawa."

Mama alikuwa amesimama karibu nami. Alisikia. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani, na nina hakika kwamba alisikia, kwa sababu alinishika mkono na kuubana mpaka nikaumia.

Kisima chenyewe kilikuwa shimo dogo la maji, upana wake kama beseni la kufulia, na maji yake meusi na tulivu. Vitambaa vilikuwa vya kila namna, shati la mtoto, kipande cha leso, bandeji, vingi vimekwisha rangi. Pacifique aliteremshwa. Alilala kifudifudi juu ya jiwe na kuchungulia samaki. Tukasubiri. Jua lilikuwa limeingia mawinguni.

"Unamuona?" nilimuuliza.

"Bado. Labda analala."

Maman Una akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Mama Furaha, tumeona. Twende nyumbani, chai iko tayari."

Mama alipiga magoti kando ya mtoto, akamvua viatu, kisha zile soksi alizozipiga pasi asubuhi katika nyumba ya watu, akakunja suruali yake mpaka magotini. Maman Una alisema, "Mama Furaha, yale maji ni baridi sana," na mama akasema, "Najua." Ndilo neno pekee alilosema. Akachota kwa viganja, akamnawisha magoti, miundi, nyayo. Pacifique alivuta pumzi kwa kishindo lakini hakulia. Alikuwa akichungulia majini. Mama akamnawisha viwiko. Akachana upindo wa shati la mtoto kwa meno na kuufunga mtini. Kisha akamshika mabega wakakaa vile vile, wawili, wakitazama maji yale.

"Atakuja," alisema Pacifique. "Tumungoje kidogo."

Tulimngoja. Manyunyu yakaanza. Midomo ya mdogo wangu ikabadilika rangi, na bado aliomba kidogo tena. Mwishowe Dermot ndiye aliyeinama bila kuomba ruhusa ya mtu, akamfunga kwa koti lake na kumchukua. Maman Una alijaza maji katika chupa ya plastiki, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake.

Samaki hakuonekana. Dermot alisema baadaye kwamba hajasikia mtu aliyemwona tangu mama yao alipofariki.

Jioni ile, tulipokuwa tunakula, Pacifique aliweka kijiko chini. "Mama," alisema, kwa upole kabisa, kama anayeomba radhi, "mbwa amekuja."

Sitaieleza hospitali ya mji wa karibu, wala safari ya kurudi. Papa alitukuta Brussels kituoni. Pacifique, aliyekuwa amebebwa, alimweleza kila kitu kabla hatujafika kwenye gari la rafiki wa Papa: uso wa darajani, kofia ya Dermot, treni iliyopinda. "Na mama alininawisha mu kisima, Papa. Maji ilikuwa baridi! Lakini samaki alikuwa analala." Papa alimbusu kwenye paji la uso. Hakumtazama mama. Ningependa kusema kwamba walipigana kwa maneno, maana baada ya maneno watu hupatana. Hakusema kitu.

Homa ya mapafu ilimpata mwanzoni mwa msimu wa majani kuanguka. Akarudi Jette. Asubuhi moja Papa aliporudi kazini aliikuta ile chupa ndani ya friji, nyuma ya maziwa. Akaimimina katika sufuria, akawasha gesi, akasimama akiwa bado na koti lake. Mama alikuwa mezani, anajiandaa kwenda hospitali. Mimi nilikuwa nafunga mkoba wa shule. Sote watatu tuliyasikia maji yanaanza kuimba, kisha kutokota, kisha kuchemka mpaka kifuniko kikarukaruka. Papa akazima.

"Iko maji," alisema.

Mama alichukua mkoba wake na kutoka.

Pacifique alifariki mwezi wa Novemba. Tulimzika Evere. Watu wa Bukavu na Uvira walikuja kwa wingi, wakaimba, na mvua iliwanyeshea. Maman Una alisimama nyuma ya wote, na nywele zake zilikuwa zimefumuka. Mama alipita mbele yake bila kusimama. Wiki iliyofuata Maman Una alibisha hodi kwetu. Nilimwona kwenye tundu la mlango akiwa na keki iliyofunikwa kwa kitambaa. Mama alinionyesha kwa kidole nisifungue. Kabla ya Pasaka alirudi kwa kaka yake. Kijiji kinachokimbiwa na kila mtu, yeye akakirudia.

Papa alipata kazi katika mji wa Liège, akawa anakuja mwisho wa wiki, kisha mwisho wa mwezi, kisha akawa anapiga simu. Hakuwa mtu mbaya. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza daktari mmoja, kwa mzunguko, kama maji baridi ya dakika chache yanaweza kumuua mtoto wa namna ile miezi mitatu baadaye. Alisema yanaweza kuanzisha maumivu, ndiyo. Alisema pia safari inaweza, uchovu unaweza, na wakati mwingine hakuna kilichoanzisha. Alisema mtoto aliyekuwa amefikia hali ile hakuwa na safari ndefu mbele yake, wala hakuna atakayejua kamwe. Nilimpelekea mama jibu hilo kama zawadi. Alilisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Kwa miaka mingi niliishi na maelezo rahisi: kwamba mama yangu alidanganywa na hadithi. Mwanamke aliyekata tamaa, akasikia habari za samaki, akaamini. Nilimhurumia kwa hilo, na kidogo, Mungu anisamehe, nilimdharau. Kisha siku moja, mimi mwenyewe nikiwa na watoto, tulikuwa tumekaa jikoni kwangu, na sijui kwa nini nilimuuliza.

"Mama, uliamini?"

Hakuuliza nini. "Hapana," alisema. "Una alisema bale bote balinawa na bakakufa. Nilisikia muzuri."

"Sasa juu ya nini?"

Alisukuma kikombe chake pembeni.

"Nilikuwa nasimama pale, Furaha. Maji iko hapa, mutoto iko hapa. Ningerudi bila kumunawisha, angekufa tu, docteur alisha kusema. Na miye ningejiambia kila siku: ulifika mpaka ku ile maji, ukaogopa bwana yako." Akapangusa meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Sasa najiambia ile ingine. Kila siku, ile ingine."

Nilikuwa nimedhani imani ndiyo iliyomwinamisha pale kisimani, na kwamba elimu ingemwokoa. Kumbe alijua alichojua Papa, na alichojua daktari, na zaidi yao alijua kilichokuwa chini ya yale matuta. Hakuna alichokosa kujua. Kila upande ambao angegeukia palikuwa na hukumu inamngoja, naye akachagua ile ambayo angalau mikono yake ingekuwa imefanya kitu.

Watoto wangu wakiniuliza habari za mjomba wao, nawaambia alikuwa mcheshi na manesi walimpenda. Kisima sikitaji. Si kwamba naogopa wataamini. Wamesoma, hawawezi kuamini. Naogopa kwamba siku moja watasimama mahali kama pale na mgonjwa wao, wakijua vizuri kabisa kwamba maji ni maji, na bado watapiga magoti.